Qiong Yao na Riwaya za Mapenzi Zilizolea Vijana wa Kichina

Qiong Yao ni lakabu ya Chen Zhe, mwandishi wa riwaya za mapenzi aliyezaliwa tarehe 20 Aprili 1938 mjini Chengdu, katika jimbo la Sichuan, kusini-magharibi mwa Uchina. Alikulia Taiwan, akaandikia huko na kufariki huko tarehe 4 Desemba 2024, akiwa na umri wa miaka 86. Katika miongo sita ya uandishi alitoa vitabu zaidi ya 60, na vingi kati ya hivyo viligeuzwa filamu na tamthilia za televisheni. Vijana wa Taiwan, Hong Kong, Uchina Bara na jamii za Wachina wa Asia ya Kusini-Mashariki walikua wakimsoma, kizazi baada ya kizazi. Wasomaji wake wakubwa walikuwa wasichana wa sekondari, wanafunzi wa vyuo na wafanyakazi vijana wa viwandani.

Mambo mawili yanaandamana katika maisha yake ya kazi. La kwanza ni imani yake kwamba mapenzi ya kijana ni jambo zito, wala si utoto wa kupuuzwa na wakubwa. La pili ni msimamo wake kwamba hadithi ni mali ya aliyeiandika, na kwamba mwenyewe ana haki ya kuamua itakwenda wapi na kwa sura gani. Imani ya kwanza ilimpa wasomaji, na msimamo wa pili ulimwezesha kuongoza kazi yake kutoka jaridani hadi kitabuni, kwenye sinema, kwenye televisheni na hatimaye mahakamani.

Utoto wa vitani

Chen Zhe alizaliwa pacha pamoja na ndugu yake wa kiume, wakati Uchina ikiwa katika vita na Japani. Asili ya ukoo wao ni Hengyang, katika jimbo la Hunan. Baba yake, Chen Zhiping, alikuwa msomi wa historia na fasihi. Mama yake, Yuan Xingshu, alitoka katika familia ya wasomi na ndiye aliyemfundisha binti yake mashairi ya kale tangu akiwa mdogo. Mashairi hayo yalimkaa moyoni. Miaka mingi baadaye alichota humo majina ya vitabu, majina ya wahusika na hata lakabu yake mwenyewe, inayotoka katika Kitabu cha Mashairi, diwani ya kale kuliko zote za Kichina.

Mwaka 1944 majeshi ya Japani yalifanya mashambulizi makubwa katikati mwa Uchina, na Hunan ikawa uwanja wa vita. Familia ilikimbia kwa miguu pamoja na wakimbizi wengine. Katika tawasifu yake, iliyotoka mwaka 1989, Qiong Yao anasimulia kwamba ndugu zake wawili wa kiume walipotea njiani, na wazazi wakakata tamaa kiasi cha kuingia mtoni ili wafe. Kilio cha binti yao kiliwarudisha ukingoni. Baadaye watoto hao walipatikana. Katika riwaya alizokuja kuziandika, watoto hupotezana na wazazi wao, ndugu hutenganishwa, na watu hukutana tena baada ya miaka mingi bila kutambuana. Msomaji anayefahamu utoto wake ataona visa hivyo vilikochimbuka.

Vita vilipokwisha familia ilihamia Shanghai. Huko, mwaka 1947, gazeti la Dagong Bao lilichapisha katika ukurasa wa watoto hadithi fupi ya msichana huyo wa miaka tisa. Mwaka 1949, Wakomunisti waliposhinda vita vya wenyewe kwa wenyewe, familia ya Chen ilivuka bahari kwenda Taiwan pamoja na mamia ya maelfu ya raia, askari na watumishi wa serikali iliyoshindwa. Baba alipata kazi ya kufundisha chuoni mjini Taipei.

Mtihani na mwalimu

Shuleni Chen Zhe aling'ara katika lugha na uandishi, lakini hesabu zilimshinda. Kwa kijana wa Taiwan wa miaka ya 1950 hilo halikuwa jambo dogo, kwa sababu njia ya kwenda chuo kikuu ilipitia mtihani mmoja mgumu wa pamoja, na familia za wasomi zilipima heshima yao kwa matokeo ya watoto. Alifeli mtihani huo mara mbili.

Katika mwaka wake wa mwisho wa sekondari alimpenda mwalimu wake wa Kichina, mwanamume aliyefiwa na mke na aliyemzidi umri kwa miaka ipatayo 25. Mama yake alipogundua alipinga kwa nguvu zote na kumshitaki mwalimu huyo kwa wakuu. Mwalimu alipoteza kazi na kuondoka mjini. Leo uhusiano wa namna hiyo kati ya mwalimu na mwanafunzi huhesabiwa kuwa ni matumizi mabaya ya dhamana, na wasomaji wengi wa sasa wanamwelewa mama yule kuliko walivyomwelewa wasomaji wa zamani. Kwa binti mwenyewe, hata hivyo, lilikuwa pigo lililokuja pamoja na kufeli mtihani, na katika tawasifu yake anaeleza wazi jinsi lilivyomwangusha.

Mwaka 1959 aliolewa na kijana mwenzake aliyekuwa na ndoto ya kuwa mwandishi. Walijaliwa mtoto wa kiume mwaka 1961. Fedha zilikuwa haba, naye aliandika kila alipopata nafasi, akituma hadithi kwenye magazeti na kurudishiwa nyingi. Ndoa hiyo ilivunjika mwaka 1964, na wakati huo maisha yake yalikuwa yamekwisha badilishwa na kitabu kimoja.

Riwaya ya kwanza

Kitabu hicho ni Chuang Wai, yaani Nje ya Dirisha. Mhusika mkuu ni Jiang Yanrong, msichana wa mwaka wa mwisho wa sekondari aliyebanwa na mtihani, asiyeweza hesabu na anayejiona mdogo mbele ya ndugu zake. Anampenda mwalimu wake, Kang Nan, na mama yake anawatenganisha. Yanrong anaolewa na mwanamume mwingine, lakini kivuli cha mapenzi ya zamani kinaivunja ndoa hiyo. Mwishoni anafunga safari kumtafuta Kang Nan na kumkuta amechakaa, mlevi, si yule aliyemkumbuka. Naye anageuka na kuondoka. Riwaya haimwahidi kijana kwamba mapenzi yatashinda. Inachomwambia ni kwamba uchungu wake ni wa kweli na unastahili kuandikwa.

Mswada ulikataliwa kwanza, kisha ukafika kwenye meza ya Ping Xintao, mhariri aliyeanzisha jarida la Huangguan, yaani Taji, mwaka 1954. Ping aliuchapisha wote kwa mkupuo katika toleo la Julai 1963, na muda mfupi baadaye ukatoka kama kitabu. Uliuzwa upesi na kuchapishwa tena na tena. Wazazi wa mwandishi waliumia sana, kwa kuwa kila aliyewafahamu aliweza kumtambua mama wa riwayani. Qiong Yao alisikitikia maumivu hayo, lakini kitabu hakukiondoa.

Kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Ping alikuwa pia mhariri wa ukurasa wa fasihi wa gazeti la Lianhe Bao, mojawapo ya magazeti makubwa ya Taiwan, na kwa njia hiyo alikuwa na mlolongo mzima mkononi: gazeti la kutoa hadithi kwa mfululizo kila siku, jarida la kila mwezi, na kampuni ya kuchapisha vitabu. Qiong Yao aliandika kwa kasi ya ajabu. Katika mwaka 1964 pekee alitoa riwaya kadhaa, mbili kati yake zikiwa miongoni mwa zilizopendwa kuliko zote: Yan Yu Meng Meng, yaani Mvua na Ukungu, na Ji Du Xiyang Hong, ambayo jina lake linataja jua la machweo.

Ushirika wao wa kazi uligeuka kuwa mapenzi, ilhali Ping alikuwa na mke na watoto watatu. Uhusiano huo ulidumu kwa miaka mingi kabla Ping hajaachana na mkewe, nao wakaoana mwaka 1979. Jambo hilo lilimletea Qiong Yao lawama zilizomfuata hadi uzeeni, na mke wa kwanza wa Ping alikuja kutoa kitabu chenye upande wake wa habari.

Kwa nini vijana walimpenda

Taiwan ya miaka ya 1960 ilikuwa chini ya sheria ya kijeshi, iliyodumu tangu 1949 hadi 1987. Siasa haikujadiliwa hadharani, vitabu vilikaguliwa, na mwandishi aliyegusa serikali aliweza kufungwa. Nyumbani, wazazi wengi walikuwa bado na sauti ya mwisho juu ya nani atamwoa nani. Wakati huohuo uchumi ulikuwa unabadilika: mwaka 1966 eneo la viwanda vya kuuza bidhaa nje lilifunguliwa Kaohsiung, na maelfu ya wasichana walitoka vijijini kwenda kuunganisha vipuri na kushona nguo. Mwaka 1968 elimu ya lazima iliongezwa kutoka miaka sita hadi tisa. Kikazuka kizazi cha wasichana waliojua kusoma, waliokuwa na mshahara wao mdogo, na waliokuwa mbali na macho ya wazazi kwa mara ya kwanza. Vitabu vya Qiong Yao walivikodi kwa bei ndogo kwenye maduka ya mitaani na kupokezana bwenini.

Walichokikuta humo kinaonekana vizuri katika Mvua na Ukungu. Lu Yiping anaishi kwa dhiki na mama yake, mke aliyetupwa wa mbabe wa kivita mstaafu mwenye wake wengi. Siku ya mvua anatumwa kwa baba yake kuomba pesa za matumizi. Anaingia ameloa, anawakuta mke kipenzi na watoto wake wamekaa kwa starehe, ananyimwa, anajibu kwa ukali, na baba anamchapa kwa mjeledi. Yiping anaapa kulipiza kisasi, na silaha anayoichagua ni kumnyang'anya dada yake wa kambo mchumba wake. Tatizo ni kwamba anakuja kumpenda mwanamume huyo kwa dhati. Kisasi kinapofichuka, dada anajiua na kila mtu anabaki na hasara. Msomaji aliyeijua hasira ya kuonewa nyumbani alimhurumia Yiping, kisha riwaya ikamwonyesha gharama ya hasira hiyo.

Ji Du Xiyang Hong inagusa jeraha lingine. Msichana wa Taipei anampenda kijana, na wakubwa wao wanapokutana inabainika kwamba mlezi wa kijana huyo ndiye mwanamume aliyependana na mama wa msichana kisha wakatengana wakati wa vita, mjini Chongqing, Uchina Bara. Kwa zaidi ya watu milioni moja waliohamia Taiwan baada ya vita, mama aliyeficha maisha yake ya ng'ambo hakuwa mhusika wa kubuni tu. Watoto wao walipata katika riwaya hii namna ya kuuliza swali ambalo nyumbani halikuulizwa: ninyi mlipokuwa vijana, mlimpenda nani, na mlimwacha wapi?

Hapo ndipo unapoonekana ufundi wa Qiong Yao. Kikwazo cha mapenzi katika riwaya zake ni nadra kuwa mtu mbaya peke yake. Mara nyingi ni siri ya kizazi kilichotangulia, na vijana hawawezi kusonga mbele mpaka wakubwa waseme ukweli. Wahusika huongea kwa marefu, hulia, hunukuu mashairi ya kale, na husema hadharani mambo ambayo familia ya kawaida ingeyameza kimya. Riwaya za mwanzo nyingi ziliishia katika msiba. Za baadaye zilielekea kwenye upatanisho.

Lawama hazikukosa. Mwaka 1965 mwandishi mkosoaji Li Ao alichapisha makala ndefu akimshutumu kwamba anawafungia vijana ndani ya machozi na huruma za zamani wakati dunia inahitaji vijana wenye nguvu. Wahakiki wa kike wa miaka ya baadaye walisema mashujaa wake wanajitoa mhanga kupita kiasi kwa ajili ya wanaume, na kwamba mapenzi ya watu waliokwisha oa yanapambwa hadi mke anayeumizwa asionekane. Hoja hizo zina uzito, hasa ya pili. Pamoja na hayo, wakosoaji wachache walijishughulisha na swali la kwa nini mamia ya maelfu ya wasichana waliona maisha yao humo kuliko katika fasihi iliyosifiwa.

Kutoka kitabuni hadi sinema

Filamu zilizotokana na maandishi yake zilianza kutoka mwaka 1965. Miongoni mwa za kwanza ni mbili zilizoongozwa na Li Hsing, mwongozaji aliyeheshimika sana Taiwan, kutokana na hadithi zake fupi. Watayarishaji waligundua kwamba jina lake kwenye bango linatosha kujaza ukumbi, na haki za vitabu vyake zikawa zinagombaniwa.

Mwaka 1973 Nje ya Dirisha ilitengenezwa upya kama filamu, na nafasi ya Jiang Yanrong akapewa msichana asiyejulikana aliyegunduliwa akitembea barabarani mjini Taipei. Jina lake ni Lin Ching-hsia, ambaye dunia ilikuja kumfahamu kama Brigitte Lin, mmoja wa nyota wakubwa wa sinema ya Kichina. Kwa sababu ya mgogoro wa hakimiliki, filamu hiyo haikuonyeshwa kwenye kumbi za Taiwan. Umaarufu wa filamu yenyewe ulianzia Hong Kong.

Miaka mitatu baadaye, mwaka 1976, Qiong Yao na Ping walianzisha kampuni yao ya filamu. Badala ya kuuza haki na kungoja kuona wengine watafanya nini na hadithi zake, sasa alishika usukani mwenyewe: alichagua waigizaji, alisimamia mswada wa filamu na kuandika maneno ya nyimbo. Kampuni ilitoa filamu 13 hadi ilipofungwa mwaka 1983. Nyota wanne wa filamu za mapenzi za wakati huo, Brigitte Lin na Lin Feng-chiao kwa upande wa wanawake, Chin Han na Charlie Chin kwa upande wa wanaume, walitawala mabango ya Taiwan kwa muongo mzima.

Filamu hizo zilipewa jina la utani la sinema za kumbi tatu, kwa kuwa visa vyake vilitokea sebuleni, kwenye chumba cha kulia na kwenye mkahawa wa kahawa. Mandhari hayo yalipunguza gharama, na pia yaliwaonyesha vijana wa viwandani maisha ya tabaka la kati waliyoyatamani: sofa, piano, gari mlangoni. Kila filamu ilikuja na wimbo wake, na wimbo ulipopigwa redioni uliitangaza filamu, nayo filamu ikauza kitabu. Wo Shi Yi Pian Yun, yaani Mimi ni Wingu, ulioimbwa na Feng Fei-fei, ni mfano mmoja wa nyimbo zilizobaki midomoni mwa watu hata baada ya filamu zenyewe kusahaulika.

Televisheni na Uchina Bara

Miaka ya 1980 watu wengi wa Taiwan walianza kubaki nyumbani kutazama televisheni, na Qiong Yao akawafuata huko. Mwaka 1986 Ji Du Xiyang Hong na Mvua na Ukungu zote zilitoka kama tamthilia na kupendwa mno. Mwaka uliofuata sheria ya kijeshi iliondolewa, na Novemba 1987 serikali ya Taiwan iliwaruhusu watu wake kwenda kuwatembelea ndugu zao Uchina Bara. Qiong Yao alikwenda mwaka 1988, miaka 39 baada ya kuondoka.

Alikuta anajulikana kuliko alivyodhani. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, Uchina ilipoanza kufungua milango baada ya Mapinduzi ya Utamaduni, vitabu vyake vilikuwa vikichapishwa huko, mara nyingi bila idhini yake na bila malipo. Vijana waliokulia katika miaka ambayo mapenzi ya mtu binafsi yalionekana kuwa anasa ya mabepari walivisoma kwa siri chini ya madawati. Wavulana walisoma riwaya za upanga za Jin Yong wa Hong Kong, wasichana wakasoma Qiong Yao, na walimu wakawanyang'anya wote wawili.

Baada ya safari hiyo alianza kutengeneza tamthilia zake Uchina Bara, akishirikiana na watu wa televisheni ya Hunan, jimbo la asili ya ukoo wake. Mpango huo ulikuwa na faida kwa pande zote: Taiwan ilikuwa na mtaji, miswada na uzoefu, na Bara ilikuwa na majumba ya kale, mandhari na waigizaji wengi wazuri. Ushirikiano huo ulikuwa miongoni mwa wa mwanzo katika tasnia ya televisheni kati ya pande mbili ambazo kisiasa zilikuwa bado mahasimu.

Kilele chake kilikuwa Huan Zhu Ge Ge, tamthilia iliyoanza kuonyeshwa mwaka 1998. Kisa kinatokea karne ya 18, enzi za mfalme Qianlong. Msichana mpole na msomi, Ziwei, anasafiri kutoka Jinan hadi Beijing akiwa na upepeo na mchoro ambavyo mfalme alimwachia mama yake, ili kuthibitisha kwamba yeye ni binti wa mfalme. Hawezi kuingia ikulu. Rafiki yake mpya, Xiao Yanzi, yatima wa mitaani asiyejua kusoma wala kuandika, anajitolea kuvipeleka kwenye mbuga ya mawindo ya mfalme. Anapigwa mshale kwa bahati mbaya, na mfalme anapoona vitu alivyobeba anadhani huyu ndiye binti yake. Kuanzia hapo msichana wa mitaani ni binti mfalme wa uongo, na binti mfalme wa kweli yuko nje.

Xiao Yanzi hakufanana na mashujaa wa Qiong Yao wa miaka ya 1960. Anapanda kuta, anakosea mashairi, anawajibu wakubwa, anakataa kupiga magoti, na bado anapendwa. Watoto na vijana walimshangilia, huku baadhi ya wazazi wakilalamika kwamba anawafundisha utovu wa nidhamu. Mwigizaji wake, Zhao Wei, alikuwa mwanafunzi wa Chuo cha Filamu cha Beijing. Pamoja naye walipata umaarufu Ruby Lin na Su Youpeng kutoka Taiwan, na Zhou Jie na Fan Bingbing kutoka Bara. Sehemu ya pili ilifuata mwaka 1999. Tamthilia hiyo ilivuka mipaka hadi Vietnam, Thailand na kwingineko Asia, na kwa miaka mingi vituo vya televisheni vya Uchina viliirudia kila likizo ya shule.

Mwaka 2001 aliirudia Mvua na Ukungu, safari hii akiihamishia Shanghai ya miaka ya 1930. Yiping akawa mwimbaji wa ukumbi wa dansi, na dada yake wa kambo hakufa tena. Mwandishi aliyekwisha pita umri wa miaka 60 aliwaachia vijana wale nafasi ya kusameheana ambayo alipokuwa na miaka 26 hakuwapa.

Kesi ya hakimiliki

Mwezi Aprili 2014 televisheni ya Hunan ilikuwa ikionyesha tamthilia ya mwandishi na mtayarishaji maarufu wa Bara, Yu Zheng. Qiong Yao aliandika barua ya wazi akidai kwamba imeibwa kutoka kwenye kazi yake ya miaka ya 1990, Mei Hua Lao, yaani Chapa ya Ua la Plamu. Kisha akafungua kesi Beijing dhidi ya Yu na kampuni nne.

Katika Mei Hua Lao, mke wa bwana mkubwa aliyezaa mabinti watupu anaogopa kupokonywa nafasi yake na suria. Anapojifungua binti mwingine anambadilisha kwa mtoto wa kiume, lakini kabla ya kuachana naye anamchoma chapa ya ua begani ili siku moja amtambue. Binti analelewa na wasanii wa mitaani, anakuwa mwimbaji, na anapendana na kijana yuleyule aliyechukua nafasi yake.

Swali la kisheria lilikuwa gumu. Mtoto aliyebadilishwa ni kisa cha zamani ambacho hakina mwenyewe, na sheria ya hakimiliki hailindi wazo tupu. Mahakama ililinganisha tukio kwa tukio, ikachunguza uhusiano wa wahusika na jinsi kila jambo linavyozaa jingine, na kuamua kwamba mpangilio mahususi wa namna hiyo ni kazi ya mwandishi na unalindwa. Tarehe 25 Desemba 2014 Qiong Yao alishinda: washitakiwa waliamriwa kusitisha usambazaji wa tamthilia na kulipa yuan milioni 5, na Yu Zheng aombe radhi hadharani. Mahakama Kuu ya Beijing ilithibitisha hukumu hiyo Desemba 2015. Yu aliomba radhi tarehe 31 Desemba 2020, baada ya watu wengi wa tasnia ya filamu na televisheni kutia saini tamko la kulaani wizi wa maandishi. Waandishi wa miswada wa Uchina, ambao kwa desturi hawana nguvu mbele ya watayarishaji, waliipokea kesi hiyo kama ushindi wao wote.

Miaka ya mwisho na warithi wake

Ping Xintao aliugua ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, kisha kiharusi. Qiong Yao alitofautiana hadharani na watoto wa mumewe juu ya kumlisha kwa mpira, yeye akisema kwamba mgonjwa mwenyewe alikwisha eleza hataki. Mwaka 2017 aliandika kitabu kuhusu suala hilo na barua ya wazi kwa mwanawe na mkwewe kuhusu namna alivyotaka yeye mwenyewe kutendewa atakapokuwa mahututi. Mjadala huo uliwafanya watu wengi wa Taiwan wazungumzie kifo mezani, jambo lililokuwa mwiko, wakati ambapo sheria ya haki ya mgonjwa kujiamulia ilikuwa ikielekea kuanza kutumika, Januari 2019. Ping alifariki Mei 2019. Qiong Yao alijitoa uhai nyumbani kwake Tamsui, kaskazini mwa Taiwan. Katika ujumbe aliouacha aliwasihi vijana wasiyakatie maisha tamaa kirahisi wanapokutana na misukosuko.

Uandishi wa mapenzi kwa vijana wa Kichina umehamia sana kwenye intaneti. Tovuti ya Jinjiang, iliyoanzishwa mwaka 2003, imewaibua waandishi wengi wa kike, akiwemo Gu Man, ambaye riwaya yake ya wanafunzi wanaopendana kupitia mchezo wa kompyuta iligeuzwa tamthilia mwaka 2016 na kupendwa na vijana ndani na nje ya Uchina. Mashujaa wa sasa wana kazi, hucheka zaidi na hulia kidogo. Siri za wazazi zimepungua, na mama mkali hana tena nguvu aliyokuwa nayo mwaka 1963.

Hata hivyo njia wanayoipita ni ileile aliyoikamilisha Qiong Yao: hadithi hutolewa kidogokidogo kwa wasomaji wanaongoja, hukusanywa kuwa kitabu, kisha hugeuzwa tamthilia yenye wimbo wake na nyota wapya. Waandishi hawa wana pia kinga ambayo yeye alipoanza hakuwa nayo. Mpangilio wa kisa chao ukinakiliwa, kuna hukumu ya mwaka 2014 ya kunyooshea kidole, iliyopatikana kwa jina la msichana aliyefeli mtihani wa chuo mara mbili.